Seva yetu iko Dar kweli? Jibu kwa msomaji wa Morogoro

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mtunza mifumo wa SACCOS moja hapa Morogoro. Kampuni inayotuhifadhia mfumo wa wanachama inasema seva yetu "iko Dar es Salaam", na bodi imeniagiza nithibitishe. Nimeingiza anwani ya IP kwenye tovuti mbili za ramani: moja imesema Dar es Salaam, nyingine imesema Mauritius. Nikafungua cmd nikaandika tracert, amri ya kuonyesha njia kituo kwa kituo hadi kwenye seva, ndipo nikachanganyikiwa kabisa. Njia inaonekana kupita Ulaya, kuna kituo hakijibu, na kituo chenye jina la "dar" kinasoma milisekunde nyingi kuliko kile kinachokifuata. Lakini jina la tovuti yetu linaishia na .co.tz. Nimwamini nani?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na jibu fupi, maana najua bodi haina subira: mashine inayokujibu ukifungua mfumo wenu haiko Dar es Salaam. Iko Frankfurt, Ujerumani, au kwenye viunga vyake. Nimeipima mwenyewe na nitakueleza nilivyopima, ili mtu akikubishia kikaoni uwe na cha kushika. Ila usiandike barua ya kuvunja mkataba kabla hujasoma mpaka mwisho.

Tuanze na .co.tz kwa sababu ndiyo rahisi. Hiyo ni habari ya jina tu. Ukishasajili jina la .tz unaweza kulielekeza kwenye anwani yoyote duniani, iwe Kijitonyama au Kanada. Halisemi lolote kuhusu mahali ilipo mashine. Liweke pembeni.

Ramani ndizo zinazowapotosha watu wengi, tena zinapotosha kwa kujiamini, na kialama chekundu juu ya mtaa. Ukweli ni kwamba namba ya IP yenyewe haina mahali ndani yake. Anwani za Afrika hugawiwa na AFRINIC, ambayo makao yake yako Ebène, Mauritius. Kampuni ya Tanzania ikiomba fungu la anwani, AFRINIC huandika kwenye daftari lake jina la kampuni na nchi yake. Daftari hilo unaweza kulisoma kwa amri moja (namba nimeibadilisha, hii imetengwa kwa ajili ya mifano):

whois -h whois.afrinic.net 203.0.113.25

Kwenye majibu utaona mstari wa "country: TZ". Ramani ya kwanza ilisoma mstari huo ikakupeleka Dar. Ya pili, nadhani, iliishia kwa mgawaji mwenyewe ikakupeleka Mauritius. Hakuna kati yao iliyoigusa mashine yenu. Mstari ule ni kama kadi ya gari: unakuonyesha mwenye gari ni nani, haukuonyeshi gari limeegeshwa wapi usiku huu. Kampuni ya Dar inaweza kabisa kuchukua fungu lake la anwani ikalitangaza kutoka kituo cha data cha Ujerumani, na daftari likaendelea kusema TZ.

Kuna kisa kimoja cha Marekani huwa nakisimulia kila ninapofundisha. Kampuni ya MaxMind, ambayo hifadhidata yake ya ramani hutumiwa na watu wengi, ilikuwa na anwani nyingi ilizojua tu kwamba ziko "Marekani", basi. Ikaziweka zote katikati ya nchi, ikakadiria latitudo 38 na longitudo -97. Nukta hiyo ikaangukia kwenye shamba moja huko Kansas. Zaidi ya anwani milioni 600 zikawa "zinaishi" hapo, na kwa miaka mingi polisi, watu wa kodi na walioibiwa mtandaoni wakawa wanabisha hodi kwa wakulima wasiojua chochote. Waandishi wa habari walipolifichua jambo hilo mwaka 2016, kampuni ikahamisha nukta ikaiweka katikati ya ziwa. Kwa hiyo ramani ikikuambia mtaa, kumbuka lile shamba.

Sasa tuje kwenye tracert, maana humo ndimo uliposhika kitu cha kweli bila kujua.

Kila pakiti, yaani kipande cha data, inayotoka kwenye kompyuta yako hubeba namba ndogo inayoitwa TTL. Windows huanza na 128, Linux na 64. Kila ruta inayopitia huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri ruta huitupa pakiti na kurudisha ujumbe kwa mtumaji: imeishia kwangu. Kazi yake ya asili ni kuzuia pakiti zilizopotea njia zisizunguke milele. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Van Jacobson wa maabara ya Berkeley, Marekani, akatumia ujumbe ule wa kifo kuchora njia. Ni kama ungepeleka malori kutoka Dar, la kwanza ukaliambia lisimame kwenye mzani wa kwanza, la pili mzani wa pili, la tatu wa tatu, na kila msimamizi wa mzani akupigie simu: lori lako limeishia hapa. Baada ya muda una orodha ya Vigwaza, Mikese na kuendelea, bila kuwa na ramani ya barabara. Tracert hutuma pakiti yenye TTL 1, kisha 2, kisha 3, mara tatu kwa kila hatua, na kuandika nani amejibu na kwa muda gani.

Hii hapa ndiyo njia uliyonitumia. Nimeacha muda mmoja kwa kila mstari, na nimebadilisha majina na anwani:

1     1 ms   192.168.1.1
2     9 ms   100.72.0.1
3    11 ms   10.20.4.1
4     *
5   119 ms   ae2.dar01.example.net
6   118 ms   ae0.mrs02.example.net
7   131 ms   ae4.fra03.example.net
8     *
9   132 ms   203.0.113.25

Mstari wa 1 ni ruta ya ofisini kwenu. Wa 2 ni mtoa huduma wenu. Anwani zinazoanzia 100.64 hadi 100.127 zilitengwa mwaka 2012 kwa ajili ya watoa huduma wanaowabananisha wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Usihangaike kuitafuta 100.72 kwenye ramani, haipo. Vivyo hivyo zile za 10 na 192.168. Milisekunde 9 na 11 zinaonyesha mko kwenye fiberi, na hilo ni jambo zuri. Ungepima kwa bando la simu, minara peke yake ingekuongezea milisekunde 20 au 50 zinazopanda na kushuka, na hesabu zote za huko mbele zingechafuka.

Nyota za mstari wa 4 na wa 8 zinawatisha watu bure. Maana yake ni kwamba ruta hiyo haikujibu barua yako. Pakiti zilipita vizuri, la sivyo tusingeona mstari wa 5. Ruta imetengenezwa kusukuma pakiti za wengine. Kukuandikia wewe ujumbe kwamba pakiti yako imekufa ni kazi ya ziada, na wahandisi wengi huiwekea kikomo au huizima kabisa. Niliwahi kuaibika kwa jambo hili. Miaka hiyo nikiwa kijana mwenye moto, nilimpigia simu saa tano usiku mhandisi wa kampuni moja ya intaneti nikamwambia ruta yake inapoteza asilimia 80 ya pakiti, ushahidi ninao. Akaniuliza swali moja: kituo cha mwisho kinapoteza ngapi? Nikaangalia. Sifuri. Akanitakia usiku mwema. Tangu siku hiyo nasoma mstari wa mwisho kwanza. Upotevu unaoanzia katikati na kuendelea hadi mwisho ndio wa kushughulikia. Ule unaoonekana kwenye kituo kimoja kisha ukatoweka ni ukimya wa ruta, hakuna kilichopotea.

Na mstari wa 5, ule wa "dar" wenye 119 wakati Marseille ya Ufaransa (mrs) baada yake ina 118? Hilo ni swali zuri kuliko unavyodhani, na wengi wangelipita. Ruta hiyo huenda kweli iko Dar. Tatizo ni njia ya jibu lake. Kampuni kubwa za usafirishaji husafirisha pakiti ndani ya mahandaki ya MPLS: pakiti hubandikwa lebo pale Dar, na njiani ruta hutazama lebo tu. Pakiti ikifia ndani ya handaki, ruta iliyoiua mara nyingi haijui njia ya kukurudishia ujumbe moja kwa moja. Hivyo huuweka ujumbe kwenye handaki lilelile, uende mpaka mwisho wake, Marseille, ndipo ugeuzwe na kurudi kwako. Ruta ni ya Dar, lakini muda uliousoma ni wa Marseille. Ukiona vituo viwili, vitatu mfululizo vina muda unaolingana karibu sawasawa, shuku handaki.

Kuna jambo jingine linalofanana na hilo. Tracert inakuonyesha njia ya kwenda peke yake. Jibu linaweza kurudi kwa njia nyingine kabisa, na muda unaousoma ni jumla ya zote mbili. Kwa sababu hiyo usitoe muda wa mstari wa 6 kwenye mstari wa 7 ukasema "kutoka Marseille hadi Frankfurt ni milisekunde 13" kana kwamba umeipima barabara. Wakati mwingine inaangukia kweli, wakati mwingine unapata namba hasi.

Majina sasa. mrs, fra, dar: wahandisi wanapenda kutumia herufi tatu za viwanja vya ndege. NBO ni Nairobi, MBA Mombasa, JNB Johannesburg, LHR London. Ukiyazoea, unasoma njia kama konda anavyosoma vituo. Lakini jina la ruta liliandikwa na mtu, siku moja, na mtu huyo huenda alishaacha kazi. Ruta huhamishwa na jina likabaki, kama "Zanzibar Hotel" unayoikuta Dodoma. Majina yanakupa mahali pa kuanzia kutafuta. Mimi yalinipa Frankfurt, nikaenda kupima Frankfurt.

Kupima ni kupima nini? Muda. Na hapa ndipo nakuomba uende polepole, kwa sababu hoja nzima ya kupelekea bodi iko hapa.

Mwanga ndani ya uzi wa kioo hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, yaani kilomita 200 kwa milisekunde. Ping hupima kwenda na kurudi, kwa hiyo kila milisekunde moja ya ping inakupa kilomita 100 za umbali, kwa kiwango cha juu kabisa. Hakuna kampuni, mkataba wala programu inayoweza kulizidi hilo. Milisekunde 1: mashine haiwezi kuwa mbali zaidi ya kilomita 100. Milisekunde 5: haizidi kilomita 500.

Ila kanuni hii ina upande mmoja tu. Muda mfupi unathibitisha kwamba mashine iko karibu. Muda mrefu hauthibitishi kwamba iko mbali. Hizo 132 zako, ukizizidisha, zinaruhusu kilomita 13,200, na humo Frankfurt imo, London imo, Mumbai imo, Johannesburg imo, na Dar es Salaam yenyewe imo pia! Ndiyo, Dar imo. Pakiti inaweza kutoka Morogoro, ikaenda Ulaya, ikarudi Dar.

Hilo si jambo la kufikirika. Kabla ya mwaka 2000 barua pepe kati ya ofisi mbili za Nairobi zinazotazamana barabarani ziliweza kupanda setilaiti, zikaenda ng'ambo na kurudi, kwa sababu tu kampuni zao za intaneti hazikuwa zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe. Setilaiti zile ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na kwenda na kurudi mara moja tu kulikula zaidi ya nusu sekunde. Watoa huduma wa Kenya walipoanzisha KIXP mwishoni mwa mwaka 2000 ili wabadilishane mawasiliano humohumo mjini, kampuni ya simu ya taifa ikalalamika, mdhibiti akakifunga kituo baada ya wiki chache tu. Kikafunguliwa tena Februari 2002. Dar ikapata kituo chake cha aina hiyo, TIX, mwaka 2004. Mpaka leo, kampuni mbili ambazo hazijaunganishwa TIX wala moja kwa moja zinaweza kukutania Ulaya, na mteja wa Morogoro akasoma milisekunde 200 kwenda kwenye mashine iliyo Posta.

Kwa hiyo mtu wa kampuni yenu akisimama mbele ya bodi na kusema "hizo 132 ni za njia tu, seva iko Dar," kwa kipimo chako peke yake humwezi. Ana haki ya kusema hivyo. Ingawa kuna kitu kingemsumbua: kama pakiti ingekwenda Marseille na kurudi Dar kabla ya kukutana na seva, kisha jibu nalo lizunguke vilevile, muda ungekaribia mara mbili ya ule wa Marseille. Haukukaribia. Lakini sikutaka kumpa hata mwanya huo.

Dawa ni kuhamisha mahali pa kupimia. Nina mashine ndogo ya kukodi Frankfurt, nayo nyingine Dar iliyo kwenye mtandao uliounganishwa TIX. Kwenye zote mbili nikaandika:

ping -c 50 203.0.113.25

Nikaangalia namba ya chini kabisa, ile inayoandikwa min. Usitumie wastani. Msongamano, ruta iliyochoka na jirani anayepakua filamu vinaweza kuongeza muda, lakini hakuna kinachoweza kuupunguza chini ya ule wa mwanga. Kipimo cha chini ndicho kilicho karibu zaidi na ukweli.

Kutoka Dar: milisekunde 127.4. Kutoka Frankfurt: 0.7.

Hiyo 0.7 ndiyo uipeleke kikaoni. Inasema mashine iliyojibu haiwezi kuwa zaidi ya kilomita 70 kutoka mashine yangu ya Frankfurt. Hakuna njia ya kuizungusha, hakuna handaki, hakuna jina la zamani. Dar iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka huko, na kwenda na kurudi kusingeweza kuwa chini ya milisekunde 60 hata kwa uzi ulionyooka kama rula.

Wewe mwenyewe unaweza kurudia. Si lazima ukodi mashine ya mwezi. Kuna kampuni zinazokodisha kwa saa, kwa bei isiyofika soda. Kampuni nyingi za mitandao zina pia kurasa za wazi zinazokuruhusu kutuma ping na traceroute kutoka kwenye ruta zao, na RIPE NCC ya Amsterdam inaendesha mradi wa Atlas wenye vifaa vidogo vya kupimia kwenye nyumba na ofisi duniani kote, vikiwemo vya Afrika Mashariki. Ukikubali kuweka kifaa chao ofisini unapata alama za kutumia kwenye vifaa vya wengine.

Ukiwa kwenye Linux, jaribu pia amri hizi mbili:

sudo traceroute -T -p 443 203.0.113.25
mtr -rwzc 100 203.0.113.25

Ya kwanza inatumia pakiti za aina ya TCP kwenye mlango uleule wa tovuti, kwa hiyo faiwoli inayozuia ping mara nyingi huiruhusu ipite. Windows hutuma pakiti za aina nyingine, ICMP, na traceroute ya kawaida ya Linux hutuma UDP, na ndiyo maana kompyuta mbili mezani pamoja zinaweza kukupa nyota mahali tofauti. Ya pili inapima mara 100 mfululizo na kukuonyesha namba ya mtandao unaomiliki kila kituo: ukiona AS37100 ni Seacom, AS30844 ni Liquid. Unajua nani anakubeba bila kutegemea jina la ruta.

Kabla sijaenda kwenye mambo ya mwisho, kuna mtego ambao haukuwanasa ninyi ila utamnasa msomaji mwingine kesho. Tovuti nyingi leo zimekaa nyuma ya kampuni kama Cloudflare. Ukipima, unapata milisekunde 5, unashangilia kwamba seva iko Dar. Uliyempima ni mlinzi wa getini. Anwani moja hutangazwa kutoka miji mingi kwa wakati mmoja na wewe unapelekwa kwenye tawi la karibu. Mwenzako wa London akipima anwani hiyohiyo naye anapata 2, na nyote mko sahihi. Dalili yake ni kwamba kipimo ni kifupi kutoka miji miwili iliyo mbali sana, jambo ambalo mashine moja haiwezi kulifanya. Ukitaka kumwona mlinzi kwa jina, andika curl -sI ikifuatiwa na anwani ya tovuti, utafute mstari wa cf-ray: mwishoni mwake kuna herufi tatu, NBO au MBA au DAR. Au jaribu hii ukiwa popote:

dig +short CH TXT id.server @1.1.1.1

Itakurudishia mji unaokuhudumia. Siku moja nikiwa Mwanza ilinijibu NBO, siku iliyofuata DAR, na mimi sikuhama kiti.

Anwani yenu haiko nyuma ya mlinzi wa aina hiyo. Nimeiangalia kutoka miji minne, na Frankfurt peke yake ndiyo fupi. Lakini kuna mpaka ambao amri hizi zote haziuvuki, na ni vizuri bodi ikauelewa. Nilichopima ni mashine inayofungua mlango. Hifadhidata ya wanachama inaweza kuwa ndani ya mashine hiyohiyo, au kwenye jengo jirani, au hata Dar na mlango uko Ujerumani, ingawa hilo la mwisho lingefanya kila ukurasa kuwa mzito. Nakala za akiba zinaweza kuwa nchi ya tatu. Hayo yanajibiwa kwa maandishi na kampuni yenyewe, kwenye mkataba. Na kama hoja ya bodi ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ile ina masharti yake kuhusu kusafirisha taarifa nje ya nchi. Mpeni mwanasheria kipimo changu, yeye atawaambia maana yake.

Kuna ushahidi mmoja zaidi ambao huenda umo kwenye kumbukumbu zenu tayari. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na Seacom ilipata hitilafu kusini, upande wa bahari ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa kati ya nchi zilizoumia zaidi. Mifumo iliyohifadhiwa ndani ya nchi na kupitia TIX iliendelea kufunguka. Ya nje ilijikokota au kugoma. Kama mfumo ulikuwa umeshahifadhiwa hapo wakati huo, angalia kwenye daftari la malalamiko ya wanachama wiki ile waliandika nini.

Nimalizie na kitu ambacho hukuniuliza. Baada ya kuipima tovuti, niliuliza pia barua pepe zenu zinapokelewa wapi, kwa dig +short MX na jina lenu la .co.tz. Likatoka jina jingine lenye anwani nyingine. Nikaipima kutoka kwenye mashine yangu ya Dar: 1.1. Kutoka Frankfurt: 129. Seva ya barua pepe zenu iko Dar es Salaam, au si zaidi ya kilomita 110 kutoka pale nilipopimia. Kwa hiyo yule aliyekuambia "seva yenu iko Dar" yawezekana alikuwa anaitazama kwa macho wakati anaongea. Muulize ni ipi.